Siku Tuliyompandisha Sadiki Mushaki

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka mpaka harufu yake: harufu ya majani mabichi ya migomba na moshi wa jikoni kwa mama yangu, kijijini Kalengera. Niliamka, nikavaa viatu, nikatoka. Sikuwa na mpango wowote. Mama aliniona nikipita uani.

"Unaenda wapi?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Sijue bado, mama."

Alitikisa kichwa. "Mtembezi hula miguu yake," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Nakusimulia asubuhi hiyo kwa sababu nimesikia umeanza kuzamia ziwani, chupa ya hewa mgongoni na kioo usoni. Aliyeniletea habari alicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Si kwamba nataka kukuzuia. Mtu kama mimi, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yake, hana haki ya kumzuia kijana kutazama kilicho chini ya maji. Lakini kaa kidogo, unisikilize.

Siku ile nilipanda lori la ndizi, likafa njiani Kibumba. Pale nilimkuta kijana wa umri wangu amekwama na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imejaa mashu mpaka juu. Mashu ndiyo kabichi, kwa wasiotujua. Mpira wa gurudumu ulikuwa umechomoka.

"Weye mwenye mikono bule," alinipigia kelele, "unaangalia sinema? Kuya usukume!"

Nikasukuma. Tulipomaliza aliniambia nikae juu ya mashu, naye akaweka goti lake moja kwenye kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari juu ya ubao, akapiga ardhi kwa mguu wa pili. Tukateremka kuelekea Goma kama jiwe lililotupwa. Mwanangu, sijawahi kuona miguu kama ile. Huyo ndiye Sadiki. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, wafanyabiashara na madereva, Waislamu, wakakaa Ndosho, mtaa wa Goma. Mama yake aliuza mafuta ya mawese mbele ya nyumba. Aliponiona nikishuka kwenye mzigo, alishika kiuno.

"Sadiki, nilikutuma mashu. Unaniletea mutu?"

"Vyote viwili, mama. Lakini huyu hapana wa kupika."

Nikalala kwao siku hiyo, na nyingine nyingi zilizofuata. Watu wa mtaa waliniita Kalengera, jina la kijiji changu, na mpaka leo wapo wasiojua kama nina jina lingine.

Kazi ya kuzamia ilitukuta tu. Boti ya mfanyabiashara mmoja ilizama karibu na ufuko, magharibi ya mtaa wa Himbi, ikiwa na mashine za kusaga unga. Mwenye mali alimleta mzamiaji aitwaye Papa Idi, mtu mnene, mpole, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika kwa kuinua injini za boti. Papa Idi alitafuta vijana wawili wasioogopa maji. Sadiki alijitaja kwanza, kisha akanitaja mimi bila kuniuliza.

Sitakudanganya, mwanangu: ile furaha naijua. Mara ya kwanza kupumua chini ya maji nililia ndani ya kioo. Mawe ya volkano yamesimama kimya kama watu wanaongojea, na juu yako jua limekuwa sahani ya fedha. Naelewa kwa nini huwezi kuacha.

Papa Idi alitufundisha kwa maneno machache. "Usipite mapovu yako mwenyewe," alisema. "Ukiyapita, yatakungojea nyumbani." Tena akasema: "Ukitoka mu maji, kila kitu unasikia mu mwili, uniambie. Hata kama ni kuwashwa tu. Miye sitacheka."

Yeye hakucheka. Sisi ndio tuliocheka. Wiki ile ile masikio yaliniuma nikakataa kushuka, na Papa Idi akaniunga mkono, akanipumzisha. Sadiki alinitania tangu asubuhi mpaka jioni. "Masikio ya Kalengera ni ya kusikilizia misa, hayajue maji!" Nilicheka pamoja naye. Lakini utani una deni lake. Aliyemcheka mwenzake kwa maumivu hujifungia mlango siku maumivu yanapomfikia yeye.

Na siku hiyo ilifika. Ilibaki mashine moja tu chini. Papa Idi alikuwa amekwenda mjini kujaza chupa za hewa, akatuambia tusiingie tena mpaka arudi, kwa sababu tulikuwa tumeshashuka mara nyingi toka asubuhi. Sadiki akaniangalia. "Tuitoe, muzee akirudi akute imekauka na jua." Maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini sisi tulidhani tumekwisha kuyafika. Tukaingia na chupa mbili zilizobaki na hewa kidogo.

Kule chini kamba iliteleza, mashine ikayumba, tope likafumba macho. Mimi nilipanda polepole, nikishika kamba, kwa woga tu, si kwa busara. Sadiki alipanda kama alivyoteremka Kibumba. Nilipotoa kichwa nje, yeye alikuwa amekwisha kaa kwenye jiwe, anacheka, anasema nimechelewa kama basi la Rutshuru.

Hapo ndipo nataka usikilize vizuri.

Kwanza alijikuna tumbo. "Maji ya leo iko na upupu," akasema. Ngozi yake ilikuwa na mabaka, kama kitambaa kilichochuja rangi. Kisha akaanza kuzungusha bega. Nikamuuliza, akajibu ni chupa iliyomwelemea. Kisha akasema amechoka, yeye ambaye sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. "Umwambie Papa Idi," nikamwambia. "Nitamuambia akirudi. Weye nyamaza, usiniletee masikio yako." Akatafuta mahali penye kivuli, akateremka kwenye kishimo chenye nyasi nyuma ya mawe, akalala.

Watu wa pale ufukoni walikijua kishimo kile, sisi hatukukijua. Juma lililopita mbuzi alikutwa amekufa pale, hana jeraha. Wewe umezaliwa Goma, huhitaji kuelezwa mazuku: ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, haina harufu, na anayelala ndani yake haamki. Tangu utotoni tunafundishwa dawa yake. Mtoe mtu bondeni, mpandishe juu kwenye upepo, mpe maziwa. Dawa hiyo imeokoa wengi, nami siidharau.

Nilipokwenda kumwamsha, Sadiki alijaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena. "Miguu imekufa ganzi," alisema, na safari hii hakucheka. "Na nataka kukojoa, Kalengera. Haitoki."

Nikapiga kelele. Wakaja wanawake waliokuwa wakifua, wakaja wavuvi. Walimwona kijana amelala kwenye kishimo cha mazuku, miguu haifanyi kazi. Nani angefikiri jambo lingine?

"Ni mazuku! Mumupandishe, mbio!"

"Mumutoe kule chini, apate upepo!"

"Maziwa, mutafute maziwa ya moto!"

Tulimlaza juu ya chukudu yake mwenyewe, tukamsukuma mpaka barabarani. Lori la viazi lilikuwa linakwenda Mushaki, kule juu kwenye milima ya Masisi, penye ng'ombe na baridi. Dereva alikuwa mtu mwema. Hakuuliza nauli. "Mushaki iko na upepo mpaka meno inauma," alisema. "Mazuku itamutoka." Basi tukaona Mungu ametufungulia njia.

Mimi niliyemchosha mwalimu kwa maswali, jioni ile sikuuliza hata moja.

Mpaka Sake alikuwa akizungumza. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda, wewe unaijua, kona juu ya kona. Kila tulipopanda, alizidi kunyamaza. Kiwiko changu nacho kilianza kuniuma kama jino bovu, nikadhani ni kule kumbeba. Akaanza kukohoa, akishika kifua. Karibu na kilele alishika mkono wangu akasema, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani:

"Kalengera, miguu yangu umeiweka wapi?"

Miguu ilikuwa magotini pangu. Nilikuwa nimeikumbatia tangu Sake ili isipigwe na mbao za lori.

Wachungaji wa Mushaki walitupokea kama ndugu. Walimfunika blanketi, wakamnywesha maziwa ya moto kwa kijiko. Mzee mmoja alimkanda miguu kwa samli, akiomba kwa Kinyarwanda. Hakuna aliyekosa upendo siku ile. Ndiyo maana bado inaniuma. Ubaya una wa kulaumiwa; wema uliokosea njia huna pa kuupeleka.

Kulipokucha, miguu ikiwa bado imekufa, tulimteremsha hospitalini Goma. Daktari, mwanamume kijana mwenye macho yasiyolala, aliuliza kuna nini. Sote kwa pamoja tukajibu: mazuku. Akapima, akagusa miguu kwa ncha ya sindano, Sadiki hakushtuka. Akamfunua blanketi usoni amtazame macho, akasimama.

"Hii alama ya duara kwa uso ni ya nini?"

"Ni ya kioo, docta," nikasema.

"Kioo gani?"

"Cha kuzamia. Jana tulikuwa chini ya maji."

Alimgeukia muuguzi, akaagiza oksijeni iletwe haraka, akamlaza Sadiki chali bila mto. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mulizama mara ngapi? Mulifika chini kiasi gani? Alipanda mbio?" Nikajibu nilivyoweza. "Na kisha mulimupeleka wapi?"

"Mushaki, docta. Apate upepo."

Akafumba macho. Hakutupigia kelele, mwanangu. Afadhali angepiga. Aliniita dirishani, mahali ziwa linapoonekana.

"Unajua kuna gesi chini ya hii ziwa?"

"Kila mutu anajua, docta."

"Sababu gani haitoki?"

"Maji inaikandamiza."

"Vile vile damu ya muzamiaji. Kule chini hewa unapumua inaingia mu damu, inakaa kimya, maji imeikandamiza. Ukipanda mbio, inatokota povu, inaziba njia mu mishipa. Hata ukipanda pole inaweza kukufikia, kama umezama mara nyingi. Na mutu akiisha kutoka mu maji, bado ile gesi iko ndani yake. Mukimupandisha kwa mulima, penye hewa nyepesi, ni kama mumemupandisha tena mbio toka mu maji. Mazuku inalala chini, ndiyo sababu munakimbilia juu. Huyu angebaki hapa hapa, karibu na maji, alale, apewe oksijeni. Mungeniletea yeye jana."

"Sasa docta, dawa?"

"Iko chumba ya chuma, banamufungia mugonjwa ndani na kuikandamiza tena ile hewa. Hapa hatuna. Na kwenda kuitafuta ni ndege, na ndege inapanda."

Nilitazama nje. Ndipo nilipouona mji wetu kwa mara ya kwanza: ziwa upande mmoja, na kwingine milima, na karibu kila barabara inayotoka Goma inapanda.

Papa Idi alipofika hospitalini alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akashika nyayo za Sadiki. "Hata kama ni kuwashwa tu," alirudia. "Si nilisema? Hata kama ni kuwashwa tu."

Miguu haikurudi. Oksijeni ilimtuliza kifua, akarudi Ndosho akiwa hai, tukamshukuru Mungu. Siku za Ijumaa vijana wa mtaa walimlaza kwenye chukudu, wakamvuta mpaka msikitini. Alijifunza kutengeneza redio na simu. Alitania bado, lakini utani wake ulikuwa umekaa chini. Siku moja nilimkuta anapapasa kile kipande cha ndala, mahali palipochimbika kwa goti lake. "Angalia," aliniambia, "goti iliacha shimo. Goti yenyewe iko hapa, haijue." Baadaye vidonda vya kulala vilimshika mgongoni, vikaingia ndani, mkojo nao ukamletea homa zisizokwisha. Mvua za pili hazikumkuta.

Baada ya maziko mama yake aliniita kando. Nilijua nitalaumiwa, nikainamisha kichwa. Alinipa maji ya kunawa tu. "Mulimubeba na upendo," alisema. "Nyote. Dereva, bale ba Mushaki, weye. Lakini upendo haukumuuliza: Sadiki, toka asubuhi ulifanya nini?"

Basi, mwanangu, sikia shauri langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Ukitoka majini, siku ile na hata kesho yake na kesho kutwa, mwili wako bado una ziwa ndani. Kitu chochote kigeni unachokisikia, kihusishe na maji mpaka daktari akuambie vinginevyo. Bega au goti linalouma bila kujigonga. Ngozi inayowasha na kufanya mabaka. Uchovu usio wako. Ganzi, udhaifu, kizunguzungu, mkojo unaokataa kutoka: hayo si ya kungojea jioni. Na mtu anayezimia mara tu anapofika juu, au anayeshika kifua, anayekohoa damu, anayehema, anayechanganya maneno, huyo msimkalishe hata dakika moja mkijadiliana. Sikio linalouma kidogo na kupoa usilizamishe tena mpaka lipone. Likitoa damu, au usisikie vizuri, au dunia ikuzunguke, nenda ukaonekane.

Mlaze chali. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu, na uangalie kama anapumua. Akiweza kumeza, mpe maji, si pombe. Usimkande, usimrudishe majini ati akatibiwe na maji yale yale. Mtafutie oksijeni, na mpeleke hospitali iliyo karibu kwa njia isiyopanda. Hata maumivu yakitulia njiani, msigeuze, yanajua kurudi. Mkifika, neno la kwanza lisiwe jina la ugonjwa mliokisia ninyi. Neno la kwanza liwe: huyu alizama. Kisha semeni alishuka wapi, mara ngapi, na alipandaje. Na wewe uliye mzima usipande Masisi wala ndege siku ya kuzamia, wala kesho yake. Na kabla ya yote, muulize mwalimu wako hesabu za kupanda ni za ziwa gani, maana ziwa letu lenyewe liko mlimani, na hesabu za bahari haziwezi kulitosha.

Mgonjwa mwenyewe atakataa. Atasema ni upupu, ni chupa, ni uchovu. Kwa hiyo mwangalie mwenzako, na umwache akuangalie. Msichekane masikio.

Mimi nilikaa Ndosho mpaka siku za matanga zilipokwisha. Asubuhi moja nikavaa viatu tena, bila mpango. Lakini nilipofika njia panda miguu ilikataa: kila barabara ilikuwa inapanda. Nikashuka bandarini Kituku, nikaingia boti ya kwanza iliyokuwa inaondoka, ikaniteremsha kisiwani Idjwi. Nilimkuta mama mmoja mzee anaanika maharage mbele ya nyumba yake.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Mahali ya kulala, mama."

"Unajua kazi gani?"

"Nilijua kuzamia. Nimeiacha."

"Utanisaidia mananasi, basi. Chumba iko, kule juu kwa kilima. Iko na upepo muzuri."

"Mama, hakuna ya chini?"

Akacheka. "Mutu wa Goma anaogopa kilima?" Kisha akaniangalia vizuri, akaona jinsi ninavyoshika kiwiko, ambacho hakikupona tangu safari ya Mushaki, akaacha maharage yake. "Nini inakuuma?" akauliza. "Ulifanya nini?"

Tangu nilipotoka kwetu hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikakaa chini nikamweleza yote, toka mashu ya Kibumba. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitandika mkeka wangu chini, kwenye banda la jikoni, karibu na maji, akaniombea kwa maneno ambayo leo ninakupa wewe, kwa kuwa sina urithi mwingine:

Mungu akupe kushuka salama na kupanda polepole. Na siku mwili utakapokusaliti, akupe mtu wa kukuuliza, nawe akupe ulimi wa kumjibu.